Komwe Namba Mbili

Jumatatu, 5 Mei 1986

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata bibi, ambaye anajua mpaka mahali ninapoficha vitabu. Likizo ya Aprili nilichukua kisu cha jikoni nikaikata komwe namba mbili alama pembeni. Alama ni ndogo, jicho halioni. Kidole changu kinaiona.

Nieleze kwa utaratibu, maana daftari ni jipya. Mwalimu wa kujitolea aliyetufundisha Jiografia alipoondoka Desemba aliniachia kisanduku: kitabu cha kanuni na dadu saba za maumbo ya ajabu. Ni mchezo usio na ubao. Mtu mmoja husimulia nchi isiyokuwepo na hatari zake. Wenzake kila mmoja ana karatasi ya mtu aliyemtunga mwenyewe, nao huingia nchi hiyo kwa maneno. Ukisema mtu wako anaruka shimo, dadu ndiyo inayoamua kama amefika. Kila mtu ana pumzi zake, zimeandikwa kwa namba. Pigo la adui likimpata, pumzi hupungua. Zikiisha amekufa, na karatasi yake huchanwa mbele yake. Kuchana ilikuwa desturi ya mwalimu, nasi tumeishika.

Mimi ndiye msimulizi. Darasani sijanyoosha mkono tangu kidato cha kwanza, lakini katika stoo ya vitabu, saa ya chakula cha mchana, nazungumza mpaka sauti inakauka.

Dadu hazipo tena. Bibi Mwanabibi alizikuta chini ya mto akazitupa chooni. "Shekha, nyumba hii haijaingia kamari tangu babu yako yu hai," alisema, wala sikubishana. Nilikwenda kwa shangazi, kule Mambrui, nikaokota komwe ishirini, zile mbegu ngumu za mviringo, vichakani karibu na ufuo, nikazikwaruza namba kwa msumari, moja mpaka ishirini, nikashona mfuko wa kipande cha leso. Bibi alizipima mkononi akasema komwe ni za bao, na bao ni akili. Namba kubwa, pigo linapata. Namba ndogo, linakosa. Wachezaji huchomoa zao. Za maadui nachomoa mimi, naionyesha kila moja, nairudisha.

Sababu ya alama ni Thuku. Alikuja Februari, mara moja tu. Joram, anayecheza tangu enzi za mwalimu, alikuwa na mtu wake Jemadari, mwenye mwaka mzima wa safari na pumzi sitini. Niliweka adui wa kumtosha Jemadari, na adui yule akamkuta Thuku kwanza. Karatasi yake nilichana kabla hajamaliza andazi lake. Alicheka, akaondoka, hajarudi. Machi akaja Musembi, akauliza mlangoni kama mtu asiyejua Kiingereza vizuri anaweza kucheza. Mtu wake ana pumzi tisa.


Jumatano, 7 Mei

Mvua tangu alfajiri. Stoo inavuja sehemu mbili.


Jumatatu, 12 Mei

Siku ya tatu ya mfungo. Saa ya chakula ni ndefu kwa sisi tuliofunga, kwa hiyo stoo imekuwa kimbilio. Joram na mchezaji mwenzake Nyakio wanakula kwanza nje ya mlango, wanafuta mikono, ndipo wanaingia. Musembi hali kitu mbele yangu. Nimemwambia si lazima. Akasema, "Hata mimi sina njaa," na tumbo lake likamsuta, sote tukasikia.

Leo tumeanza safari mpya: mji uliofukiwa na mchanga, na daraja refu ambalo hakuna aliyerudi kutoka ng'ambo yake. Jemadari wa Joram anatangulia siku zote. Nyakio ana mpiga mishale mwenye pumzi thelathini. Musembi amempa mtu wake jina Kiponda, la mlinzi wa karakana ya vinyago ambako baba yake, Mzee Laban, huchonga. Kiponda ni mwonyesha njia. Ana fimbo.

Fisi watatu walitoka mchangani. Kwa kila fisi aliyemwendea Kiponda, kidole changu kilikwenda kwenye alama. Mbili. Mbili. Nikachomoa bila kuchagua mara moja, kwa aibu, ikatoka tano. Imekosa vilevile.


Alhamisi, 22 Mei

Hesabu haitoki. Nimejaza kurasa sita. Adui anayeweza kumtoa Jemadari jasho hupiga pumzi kumi na moja, na Kiponda ana tisa. Adui anayelingana na Kiponda, Jemadari anamkanyaga kabla wengine hawajafungua mdomo. Nikiweka maadui wengi wadogo, Joram anasinzia. Nikiweka mmoja mkubwa, naua. Kitabu cha kanuni kina ukurasa mmoja juu ya jambo hili, nao unasema msimulizi atumie busara.

Joram leo alisema, "Unatupikia uji, Shekha. Hata mgonjwa huchoka na uji."

Nyakio akamwambia, "Wewe ukila nyama, wenzako ndio nyama."

Nilicheka, lakini nyumbani nilifikiri kwamba wote wawili wamesema kweli.


Jumatatu, 26 Mei

Leo imekuwa siku njema kuliko zote, nataka niiandike yote.

Niliwawekea mlango. Hakuna adui, mlango tu, na nyuma yake maji yanasikika. Jemadari akaupiga teke. Haukutikisika. Mishale ya Nyakio haikuwa na kazi. Musembi alikuwa amekaa kwenye rundo la atlasi mbovu, akauliza polepole, "Mlango ni wa mti gani?"

Sikuwa nimefikiria. Nikasema muhuhu, kwa sababu ndio anaochonga baba yake.

"Mbichi ulipofungwa, au mkavu?"

"Mbichi."

"Basi umepasuka. Muhuhu ukikauka kwa haraka hupasuka kufuata nyuzi zake, huwezi kuuzuia. Kiponda anaugonga kwa vidole akianzia chini, anasikiliza." Akagonga rafu ya vitabu ili tusikie. "Hapa uko mzima. Hapa umepasuka. Jemadari apige hapa, si kwa teke. Apige kwa kisigino cha shoka, mara moja."

Joram alimtazama kama aliyeonyeshwa chumba kipya ndani ya nyumba yao. Kisha akasema, "Haya, fundi. Tuko nyuma yako."

Musembi alichomoa komwe ya Kiponda, ikatosha, na mlango ulifunguka. Sikugusa alama, haikuhitajika. Nilijua wakati ule ule kwamba hii ndiyo hesabu niliyokuwa naitafuta: kumpa kila mtu kazi ambayo mwenzake hawezi kuifanya. Ningeitupa ile komwe leo. Lakini kesho kuna nge wakubwa ambao nilishawaandika.


Jumanne, 27 Mei

Nge. Mbili, mbili, mbili.


Jumatano, 11 Juni

Idi imepita. Bibi alipeleka sahani ya mkate wa sinia shuleni kwa "wenzako wa bao." Musembi alikula vipande vinne, akaomba cha tano cha baba yake, akakifunga kwenye karatasi safi.

Baadaye Joram alinisubiri nje ya lango. Nilikuwa sijawahi kuzungumza naye peke yetu. Akasema, "Tangu muhula uanze nimepigwa mara kumi na tisa. Nyakio mara nane. Kiponda hajapigwa hata mara moja. Mimi si mjinga."

"Ni bahati."

"Nyumbani kwetu tukicheza karata, mdogo wangu akilia, mama anatuambia tumwachie. Sasa ana miaka kumi na hajui kucheza." Akarekebisha mkoba. "Sitasema kitu. Lakini ni wewe unayemfanya mtoto, si mimi."

Nilimchukia njia nzima mpaka nyumbani. Nimekuwa nikiamini yeye ndiye mwenye roho ngumu kati yetu.


Ijumaa, 13 Juni

Nimekusudia kuacha. Jumatatu nitachomoa kama inavyotoka.


Jumatatu, 16 Juni

Sikuacha. Mlinzi wa daraja alitokea, Kiponda alikuwa mbele, kwa sababu siku hizi Musembi huenda mbele. Niliingiza mkono nikaona akilini karatasi imechanwa, nikaona rundo la atlasi halina mtu. Mbili.

Musembi alinitazama muda mrefu kidogo. Nilidhani anashukuru Mungu.


Jumanne, 17 Juni

Mvua kubwa. Barabara ya sokoni ni mto.


Alhamisi, 19 Juni

Musembi hakuja. Wanasema kwenye karakana mvua ilipasua paa la makuti, Mzee Laban akaendelea kuchonga kwa kuwa kazi ilikuwa na siku yake ya kukabidhiwa. Gogo likateleza kwa maji, tezo lake la kuchongea likashuka kwenye mkono wa kushoto.


Jumanne, 24 Juni

Hakuja. Nyakio alikwenda hospitali na mama yake kuwaona. Anasema jeraha limeoza. Musembi analala kwenye benchi la nje ya wodi. Alimwuliza Nyakio tumefika wapi. Nyakio akamwambia tumesimama darajani tunamngoja.


Ijumaa, 27 Juni

Wamemkata Mzee Laban mkono, juu ya kifundo.


Jumatatu, 30 Juni

Shule nzima inazungumzia fainali ya Kombe la Dunia. Hata Joram, ambaye ana redio ya kumtosha kujigamba nayo, hakusema kitu. Tulikaa stoo watu watatu. Hatukucheza.


Alhamisi, 3 Julai

Musembi alikuja leo. Nitaandika kama ilivyokuwa, hata maneno ambayo siyapendi.

Alikuja kurudisha vitabu vya shule. Alikuwa na shati la nyumbani na vumbi jekundu la mbao kwenye nyusi. Joram aliinuka akampa kiti chake, kile kimoja chenye mgongo. "Tulikuwekea nafasi, fundi. Kiponda bado yuko darajani. Mlinzi ameinua rungu."

"Mzee anaendeleaje?" Nyakio aliuliza.

"Yuko nyumbani. Anauliza mkono uko wapi. Si kwamba amechanganyikiwa. Anataka kujua waliupeleka wapi." Akaketi. "Jumatatu nimeanza kwenye benchi lake. Naweza kusugua na msasa, na vifaru naweza kuvianza. Twiga bado, shingo zinavunjika."

Mimi, ambaye stoo ile ndiyo mahali pekee ninapojua kusema, nikaichukua kazi yangu. Nikasema, "Basi mlinzi wa daraja anapiga," nikauvuta mfuko.

"Nipe nichomoe mimi," akasema Musembi.

"Za maadui nachomoa mimi."

"Najua. Leo nipe."

Nikampa. Aliingiza mkono, hakutazama, alikuwa anatazama dirisha na maji yanayotiririka juu ya kioo. Akatoa komwe akaiweka juu ya meza. Mbili. Akairudisha, akatikisa mfuko, akachomoa. Mbili. Akairudisha. Nyakio akasema, "Eh." Mara ya tatu aliishika juu, mbele ya uso wangu, kidole gumba kikiwa juu ya ile alama.

"Mimi kazi yangu ni msasa, Shekha," akasema. Hakupandisha sauti. "Tangu nina miaka saba baba ananipa kinyago nifumbe macho, nimwambie wapi hapajalainika. Komwe hii niliijua mwezi wa tano. Siku ya mlango nilitia mkono nichomoe yangu, nikaigusa."

Joram alikuwa anatazama sakafu.

"Kwa nini hukusema?" Ni mimi niliyeuliza, na mpaka sasa naona aibu kwamba ndilo neno langu la kwanza.

"Nilifikiri unaniwekea komwe hii kwa muda, mpaka nizoee. Nikasema nitangoja uache mwenyewe. Ile siku ya mlango nilijua utaacha. Kesho yake wakaja nge." Akaiviringisha komwe mezani. "Nikaenda mbele, nikamweka Kiponda mbele kila siku, makusudi, nikuone utaacha lini. Hukuacha."

"Sikutaka uondoke kama Thuku."

"Thuku alipigwa akafa. Mimi sijawahi hata kupigwa. Ni kama hata hapa sikuwepo."

Nyakio akasema polepole, "Musembi, alikuwa anakutakia mema."

"Najua alikuwa ananitakia mema." Akaizuia komwe kwa kidole. "Mnajua kitu gani kibaya zaidi? Nilikaa benchi la hospitali siku tisa. Daktari akiingia wodini mimi moyoni nasema, mbili, itoke mbili. Sikuwa hata naomba kama watu wanavyoomba. Nilikuwa nangoja mtu aliyeshika mfuko anitafutie. Nilishazoea."

Akaiacha komwe pale, akaweka vitabu vyake juu ya rafu kwa mpangilio, Hisabati juu, akatushika mkono mmoja mmoja kama mtu mzima anayeaga msibani. Mimi pia alinishika. Kiganja chake kilikuwa kama gome.

Baada ya hapo Joram aliichukua ile komwe akaitia kwenye mfuko wa leso pamoja na nyingine, akanipa. Nilidhani atasema alishanionya. Alisema, "Alikuwa anatembea kutoka hospitali mpaka karakana, mvua hii yote. Mimi nilikuwa nampelekea madaftari, sikuwaambia." Kumbe kila jioni Joram alikuwa akinakili masomo mara mbili.


Ijumaa, 4 Julai

Sikwenda shule. Nilimwambia bibi kichwa kinauma.


Jumatatu, 7 Julai

Mvua imepungua. Stoo imefungwa. Ufunguo ninao mimi.


Jumatatu, 14 Julai

Nilimwuliza bibi, mtu akimdanganya mwenzake kwa wema, kosa ni lipi. Alikuwa anapepeta mchele. Akaniuliza, "Huyo mwenzako alikuomba?"

"Hakuomba."

"Basi hukumfanyia yeye, mjukuu wangu. Umejifanyia wewe, roho yako itulie." Akaendelea kupepeta, kisha akasema, "Bao likichezwa na mtoto, mimi humshinda. Nikimwachia, ni kama namwona hana akili ya kuvumilia kushindwa. Atatulia siku hiyo tu."

Nilikuwa na umri wa miaka minane aliponishinda mara ya kwanza. Nililia. Nilimrudia kesho yake.


Jumatatu, 21 Julai

Nyakio anasema Musembi hatarudi muhula ujao. Mwalimu mkuu alimwita, akaja, akasikiliza, akasema ahsante, akarudi kwenye benchi la karakana.

Nimesoma kurasa zangu za hesabu tangu Mei. Kila mahali nimeandika Joram sitini, Nyakio thelathini, Musembi tisa. Nilikuwa naandika majina yao wenyewe. Sikuandika Kiponda hata mahali pamoja.


Jumamosi, 26 Julai

Leo nilikwenda karakana. Nilibeba mfuko wa komwe, karatasi ya Kiponda, karatasi moja tupu na penseli. Ilikuwa imeacha kunyesha. Wachongaji wamekaa safu mbili chini ya makuti, kila mmoja na gogo kati ya miguu, na vumbi lile jekundu limelala kwenye kila kitu. Mzee Laban yuko pale. Anakaa nyuma ya mwanawe kwenye kigoda, kitambaa cheupe juu ya mkono uliobaki kigutu, anamwelekeza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa mkate wa sinia? Ule ulikuwa mkate." Kisha kwa Musembi, "Sikio la huyo kifaru umelitia upande wa ng'ombe."

Musembi hakuinuka. Nilikaa chini mbele yake. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, nikasema machache: nilikosea, sikukuuliza, mlinzi wa daraja bado ameinua rungu.

Alisugua kifaru kwa muda. Kisha akanyoosha mkono nikampa mfuko. Akazimwaga komwe kwenye mapaja, akachukua patasi nyembamba, akazikata zile kumi na tisa nyingine, moja moja, alama ile ile, mahali pale pale, mpaka zote ishirini zikafanana. Alipomaliza akafumba macho akazipitisha vidoleni. Akamgeukia baba yake. Mzee Laban naye akazipitisha kwenye vidole vya mkono wa kulia, macho amefumba.

"Sawa zote," akasema mzee.

Musembi akazirudisha mfukoni, akanikabidhi. "Chomoa."

Nilichomoa. Kumi na nane.

Sikuitazama mara mbili. Nilisema kwa sauti ya stoo kwamba rungu limeshuka, kwamba pigo ni la pumzi kumi na moja, na Kiponda alikuwa na tisa. Nilisema alianguka akiwa mbele, uso umeelekea ng'ambo. Mchongaji wa pembeni alikuwa ameacha kuchonga anasikiliza. Nikachukua karatasi ya Kiponda nikaichana mbele yake, kama desturi, vipande vinne.

Musembi aliitazama mikono yangu mpaka nilipomaliza. "Ilikuwa kumi na nane kweli," akasema.

"Kumi na nane."

Akatikisa kichwa kukubali. Nilimwonyesha karatasi tupu, nikamwuliza mtu mpya aitwe nani. Akasema si leo, kuna vifaru kumi na vinne vya kulainishwa kabla ya Ijumaa na mikono ni miwili tu. Alisema hivyo, na Mzee Laban akatazama upande wa barabara.

Nilikunja karatasi ile tupu nikaiweka chini ya tezo, isipeperuke. Nikachukua kipande cha msasa kwenye rundo, na kifaru kimoja. Musembi alinionyesha nianzie wapi, tumboni, kufuata nyuzi. Nilisugua mpaka adhana ya alasiri. Mzee akakipokea, akafumba macho, akanirudishia, akasema hapajalainika. Nikaanza upya.